Mashine Imewaka, Lakini Imetulia? Kusoma Dalili Kabla ya Kukabidhi Mfumo Endeshi Mpya

Kompyuta ikiwaka, waifai ikashika na sauti ikatoka, mwenye ofisi huona kazi imekwisha. Mimi huirudisha benchi.

Mwaka 2025 nilipokea hapa Mtwara mjini kompyuta mpakato 22 zilizokwisha kutumika, za modeli tatu. Zilitakiwa kutiwa mfumo mpya na kusambazwa kwenye ofisi za vyama vya msingi vya wakulima wa korosho: Mikindani, Nanyamba, Tandahimba, Newala, na chache zifike mpaka Liwale mkoani Lindi. Windows 10 ilikuwa inakaribia mwisho wa huduma yake ya kawaida, tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane kwenda juu. Zetu zilikuwa za kizazi cha tano na cha sita. Tukachagua Debian 13, mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Linux, iliyotoka tarehe 9 Agosti mwaka huohuo. Oktoba ndio mwezi minada ya korosho inapofunguliwa, kwa hiyo tarehe ya kukabidhi ilishapangwa na mikorosho kabla mimi sijafungua boksi la kwanza.

Swali likawa moja: ni lini naweza kusema mfumo umepatana na mashine hizi kiasi cha kuzipeleka mahali ambapo mimi sipo? Newala ni zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Kwenda Liwale kwa njia ya Nangurukuru wakati wa mvua, hakuna anayeweza kukuahidi saa ya kufika. Hitilafu ninayoiondoa hapa kwa amri moja, kule ni nauli, siku mbili za safari na foleni ya wakulima waliobeba magunia.

Kigezo ninachokitumia nakiweka mbele ili usome dalili zinazofuata ukiwa nacho mkononi. Hitilafu ninayokijua chanzo chake naweza kuipangia, hata kama bado ipo. Hitilafu nisiyokijua chanzo chake inaizuia mashine kuondoka, hata kama imetoweka.

Kabla ya yote, andika mashine ina nini. Amri ya `lspci -nnk` inaonyesha kila kifaa cha ndani, namba yake na draiva, yaani programu inayokihudumia. Amri ya `lsusb` inaorodhesha vya USB. Hifadhi majibu hayo kwenye flashi, faili moja kwa kila mashine. Mashine mbili zenye jina moja mgongoni zinaweza kuwa na kadi za waifai tofauti kabisa, na usipolijua hilo utahangaika wiki nzima ukijiuliza kwa nini pacha mmoja anaumwa na mwenzake mzima.

Imelala, haiamki

Unafunga kifuniko, unafungua, skrini nyeusi. Feni inazunguka, hakuna kinachojibu.

Jambo la kwanza ni kujua kama mashine imekufa au imepoteza macho tu. Bonyeza kitufe cha Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, iko hai; kilichobaki gizani ni upande wa picha, ama draiva ya grafiki ama mwanga wa nyuma wa skrini. Ukiweza kuingia kwa `ssh` kutoka mashine ya jirani, bora zaidi, kwani utasoma kilichotokea kabla hakijapotea. Taa isipobadilika, kerneli yenyewe imekwama. Zima kwa nguvu, washa, kisha soma mistari ya mwisho ya `journalctl -b -1 -k`, yaani maneno ya kerneli kutoka kuwaka kulikotangulia.

Halafu tazama `cat /sys/power/mem_sleep`. Ukiona `s2idle [deep]`, mashine ina aina mbili za usingizi na imechagua ule mzito, ambao unategemea sana BIOS, programu ya kwenye bodi inayoiwasha mashine. Jaribu mwepesi, `s2idle`. Kama mwepesi unakubali na mzito unakataa, angalia kwanza kama BIOS ina toleo jipya. Nimeona mfumo endeshi ukilaumiwa kwa kosa la BIOS ya miaka mingi nyuma.

Bado hujapata jibu? Kerneli ina njia ya kulala nusunusu. Ukiandika `devices` ndani ya `/sys/power/pm_test` kisha ukailaza mashine, italaza vifaa vyake, itasubiri sekunde chache na kuviamsha bila kuzima kabisa. Ikikwama hapo, mhalifu ni draiva ya kifaa kimojawapo. Ondoa moduli, yaani vipande vya draiva, moja moja kwa `modprobe -r` mpaka ikubali.

Kwa modeli ya pili, niliyokuwa nazo nane, tatu ziligoma kuamka, lakini si kila mara. Rekodi ya `lspci` na `lsusb` ndiyo iliyotuokoa: zile tatu tu zilikuwa na kadi ya ndani ya laini ya simu. Tukaitoa kadi, zikaamka. Kijana ninayemfundisha kazi akataka kufunga kifuniko na kuendelea na nyingine. Nikamwambia airudishe kadi. Akairudisha, mashine ikagoma. Akaitoa tena, ikaamka. Toa, rudisha, toa. Chanzo hakijathibitika mpaka uweze kuiita hitilafu ije kwa makusudi na kuifukuza kwa makusudi. Kadi hizo hazikuhitajika na mtu, tukaziacha nje na kuliandika hilo.

Sasa hesabu, na hapa ndipo mafundi wengi tunapojidanganya. Umeilaza mashine mara 30, imeamka mara 30. Unajua nini? Kuna kanuni rahisi ya takwimu: ukijaribu mara n bila kosa hata moja, kwa uhakika wa asilimia 95 unachoweza kusema ni kwamba kosa halizidi 3 gawanya kwa n. Kwa majaribio 30, hiyo ni asilimia 10. Yaani mashine inayokwama mara moja katika kila mara 15 ingeweza kabisa kukupita. Ukifika 300, umebana mpaka asilimia 1. Na asilimia 1 si ndogo: mashine 20, kila moja ikifungwa na kufunguliwa mara 10 kwa siku, ni simu mbili kwako kila siku ya Mungu.

Kwa bahati nzuri mashine inaweza kujilaza na kujiamsha yenyewe:

`for i in $(seq 1 300); do rtcwake -m mem -s 60; sleep 30; done`

Sekunde 90 kwa kila mzunguko, mizunguko 300, ni saa saba na nusu. Unaianzisha unapofunga duka, asubuhi unakuta jibu. Ifanye ikiwa na chaja, na usiku mwingine bila chaja kwa mashine zenye betri nzima, kwa sababu baadhi ya hitilafu hutokea upande mmoja tu.

Ikishindikana kabisa na muda umekwisha, unaweza kuifunga njia ya kulala: `HandleLidSwitch=ignore` kwenye `logind.conf`. Basi mweleze mtumiaji kwamba mashine ikiwekwa kwenye mkoba inabaki macho na itachemka. Kwa ofisi ambayo kompyuta haiondoki mezani, nakubali kuikabidhi hivyo. Kwa bwana shamba anayezunguka na pikipiki, sikubali.

Waifai inashika, kisha inaachia

Anza na `journalctl -k -b | grep -i firmware`. Ukiona neno la kushindwa likiambatana na namba -2, maana yake faili la programu dhibiti ya kadi halijapatikana. Zamani hili lilikuwa balaa la kila siku kwa watumiaji wa Debian, kwa sababu mafaili hayo hayakuwemo kwenye diski ya kusakinishia. Mwaka 2022 wachangiaji wa Debian walipiga kura kuyaweka, na tangu Debian 12 ya Juni 2023 yamo. Lakini anayeboresha mfumo wa zamani badala ya kusakinisha upya anaweza kuukosa mstari wa `non-free-firmware` kwenye orodha ya hazina zake za programu, akabaki na mafaili yaliyopitwa na wakati.

Mimi huyabeba kwenye flashi hata hivyo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikata barabara ya kwenda Dar es Salaam upande wa Somanga, na siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, intaneti ikadorora nchi nzima. Mwezi ule tulionja barabara kukatika na mtandao kudorora. Mfumo unaohitaji kupakua kitu ndipo waifai yake ifanye kazi haujawa tayari kwenda kusini mwa mto Rufiji.

Mafaili yakiwepo na bado waifai inadondoka, zima ubanaji umeme wa kadi kwa `iw dev wlp2s0 set power_save off` (badilisha jina kulingana na mashine yako) kisha iache usiku kucha ikiitumia ruta `ping`. Nafuu ikionekana, iweke iwe ya kudumu. Kama mashine moja haioni kabisa mtandao ambao simu zote zinauona, angalia ruta inatumia chaneli gani. Ikiwa ni ya 12 au 13 na `iw reg get` inaonyesha nchi `00`, mashine haijui iko nchi gani, na kwa tahadhari inazibana chaneli hizo. Iambie `TZ`, au ihamishe ruta kwenye chaneli ya 1, 6 au 11. Njia ya pili naipenda zaidi, kwani inamsaidia na mgeni atakayekuja na kompyuta yake.

Kuna kadi ambazo draiva yake haimo ndani ya kerneli na hujengwa upya kila kerneli inapobadilika. Hizi kwa mfumo unaokwenda mbali nazihesabu kuwa hazijapatana, hata kama leo zinakimbia vizuri. Siku sasisho la kerneli litakapoingia na ujenzi ukashindwa, ofisi itapoteza waifai, na bila waifai haitaweza kupakua dawa ya ugonjwa wake. Badilisha kadi. Kipande cha USB chenye draiva iliyomo kwenye kerneli kinagharimu chini ya nauli ya kwenda na kurudi Liwale.

Mshale unarukaruka

Hii nimeipoteza siku tatu nikiwa na hakika ni draiva. Padi ya kugusa ilikuwa inatetemesha mshale, inabofya yenyewe, inafungua madirisha. Nilibadilisha mipangilio, nikabadilisha draiva, nikarudi kerneli ya nyuma. Hakuna lililosaidia.

Kisha umeme ukakatika, mashine ikabaki kwenye betri, na mshale ukatulia kama maji ya mtungini.

Chanzo kilikuwa ethi, yaani waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini. Chaja ilichomekwa kwenye ekstensheni ambayo pini ya tatu ilikuwa ya mapambo, waya wake haukufika popote. Bila ethi, bodi ya mashine huelea juu ya umeme mdogo unaovuja kutoka kwenye chaja, na padi, ambayo hutambua kidole kwa kupima mabadiliko madogo sana ya chaji, huchanganyikiwa. Ukipitisha mgongo wa mkono kwenye chuma cha kifuniko ukahisi kama unawashwa na upupu mwepesi, ndiyo hiyo. Jaribio lake ni la dakika moja: chomoa chaja. Mshale ukitulia, acha mfumo, shughulika na nyaya za jengo. Kwa nyumba nyingi za kupanga zinazotumika kama ofisi huku kwetu, fundi umeme anatakiwa afike kabla yako.

Mizani haionekani

Mizani ya kidijitali yenye waya wa serial huunganishwa kwa kipande cha kugeuza kwenda USB, na vingi vinavyouzwa vina chipu ya CH340. Unachomeka, `/dev/ttyUSB0` inatokea, sekunde inayofuata inatoweka. Kwenye `dmesg` utakuta mstari unaotaja `ch341`, draiva ya chipu hiyo, na `brltty`.

`brltty` ni programu ya kuwahudumia wasioona kwa vifaa vya Breli. Baadhi ya vifaa hivyo hutumia namba ileile ya utambulisho, 1a86:7523, kwa hiyo programu huidaka mizani ikidhani ni kifaa cha Breli. Ubuntu 22.04 ilisumbua wengi kwa jambo hili. Kama ofisi haina mtu anayekihitaji, ondoa programu hiyo. Kama yupo, iache, na uzime ule mstari mmoja tu wa kanuni za `udev`, zinazotambua vifaa vinavyochomekwa, unaotaja namba hiyo. Usimnyang'anye mtu macho yake kwa ajili ya mizani.

Sababu ya pili hutokea kwa mafundi tunaojaribu kila kitu kwa nguvu za msimamizi. Kwako mizani inasoma, kwa karani haisomi. Mtie karani kwenye kundi la `dialout`, kisha atoke na kuingia upya. Kuanzia hapo kila jaribio lifanye ukiwa umeingia kwa akaunti atakayotumia yeye.

Mtandao upo, lakini kila tovuti inakataa

Angalia saa. Betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi ikifa, mashine husahau tarehe kila inapokosa umeme. Debian hujitahidi kuanzia saa iliyoihifadhi mara ya mwisho, lakini mashine iliyokaa ghalani miezi miwili itaamka ikiwa nyuma miezi miwili, na mpaka ipate saa sahihi kutoka mtandaoni, vyeti vya usalama vya tovuti vitaonekana bado havijaanza kutumika. Baadhi ya BIOS husimama kabisa na kukutaka ubonyeze kitufe ndipo ziendelee. Badilisha betri kwenye mashine zote, hata zilizo nzima. Sina zaidi ya kusema hapa.

Inaganda saa saba mchana

Ukijaribu mashine asubuhi kwa upepo wa bahari ya Shangani, umejaribu hali ya hewa ya Shangani. Ofisi nyingi zinakokwenda zimeezekwa mabati bila dari, na msimu wa korosho unaingia moja kwa moja kwenye joto la Novemba na Desemba. Mimi huzihamishia kwenye stoo ya nyuma yenye bati tupu, nazibebesha kazi nzito kwa `stress-ng` kuanzia saa sita mpaka saa tisa mchana, na `sensors` ikirekodi joto. Mashine ikijizima, fungua kabla hujailaumu kerneli: vumbi kwenye feni na ule uji wa kupitisha joto uliokauka juu ya prosesa ndio watuhumiwa wa kwanza. Ikiganda bila joto kupanda, pitisha `memtest86+`, inayopima RAM, usiku kucha na usome afya ya diski kwa `smartctl -a`.

Umeme wenyewe ni jaribio pia. Karibu nusu ya betri nilizopokea zilikuwa zimekufa, kwa hiyo umeme ukikatika mashine inazimika papo hapo. Mfumo wa mafaili wa ext4 una jarida linalolinda mpangilio wa diski, lakini hauwezi kulinda kazi ambayo haijafika kwenye diski. Nilichomoa waya mara 20 kwa kila modeli katikati ya kunakili mafaili, na kila ilipowaka nililinganisha yaliyokwisha kunakiliwa kwa `sha256sum -c`. Faili lililokuwa njiani likikatika, naelewa. Faili lililokamilika jana likiharibika, modeli hiyo haiendi popote mpaka nijue kwa nini.

Jana ilikubali, leo baada ya sasisho imekataa

Washa upya, na kwenye menyu ya mwanzo chagua kerneli ya nyuma. Tatizo likipotea, umejua liliingia lini, na hiyo ni nusu ya tiba. Ndiyo maana sikabidhi mashine yenye kerneli moja. Karani anafundishwa jambo moja siku ya makabidhiano: jinsi ya kuchagua mstari wa pili kwenye menyu ile. Anaulizwa, anarudia mbele yangu kwa mkono wake.

Usidhani hili huwapata wazembe. Desemba 2023 Debian 12.3 ilikuwa tayari kutoka, ikasimamishwa, kwa sababu kerneli 6.1.64 iliyokuwa ndani yake iliweza kuharibu mafaili ya ext4. Kiraka kimoja, yaani rekebisho la programu, kilikuwa kimerudishwa kwenye kerneli kongwe bila kiraka kingine ambacho hicho cha kwanza kilikitegemea. Badala yake ikatoka 12.4, tarehe 10 Desemba, ikiwa na 6.1.66. Wale waliosimamisha toleo waliahirisha tarehe yao mbele ya dunia nzima. Nami huwakumbuka kila ninapoona haya kumpigia mteja kumwambia bado.

Umri wa kerneli una uzito wake. Debian 13 inatumia 6.12, iliyotoka Novemba 2024. Toleo lilianza kufungiwa mabadiliko Machi 2025 na likatoka Agosti. Miezi tisa watu wameitumia kerneli hiyo kwenye mashine za kila namna kabla haijafika benchi langu. Kwa mashine ya kizazi cha sita hiyo ni neema, maana karibu kila kasoro yake imeshakutana na mtu. Kwa mashine iliyotoka kiwandani mwaka huu hesabu hugeuka: kerneli inaweza kuwa haijawahi kuiona, na ukilazimika kuchukua mpya zaidi kutoka hazina ya `backports`, jaribu zote upya kuanzia kulala.

Tarehe imefika, orodha haijaisha

Wiki ya mwisho ya Septemba nilikuwa na hitilafu tisa kwenye daftari. Mama katibu wa moja ya vyama alikuja dukani, akaona mashine zimepangwa zinawaka, akauliza, "Mwanangu, si zinafanya kazi hizi?"

Nilimwonyesha daftari. Kila hitilafu ilikuwa na maswali matatu pembeni yake: inakula kazi ya mtu? Inamzuia kupokea mzigo na kutoa stakabadhi? Aliyeko Liwale anaweza kuipita bila kunipigia? Kisomaji cha alama za vidole hakikufanya kazi kwenye modeli ya kwanza, na hakuna aliyekitaka, ikaenda. Vitufe vya mwanga wa skrini vilikufa kwenye modeli ya pili, ila mwanga unabadilishika kwa kipanya, ikaenda, imeandikwa. Sauti ya vipokea sauti ilikoroma, ikaenda. Printa moja ilihitaji kuchomolewa na kuchomekwa baada ya umeme kukatika. Hiyo nilibishana nayo siku nzima, kwa sababu karani huweza kuipita, lakini ataipita mara kumi kwa wiki na mwisho ataichukia mashine. Niliizuia mpaka tulipopata kanuni ya kuiamsha yenyewe.

Kosa ninalowasihi wenzangu walikwepe ni kuzifunga zote kamba moja, kwamba 22 ziende au 22 zibaki. Toa modeli kwa modeli. Na uanze karibu: mbili za kwanza zilikwenda Mikindani, mwendo wa daladala, zikakaa siku kumi mikononi mwa makarani ambao hawakujua kitu kuhusu kerneli. Walitupata na hitilafu mbili ambazo sisi tusingezigundua, moja ikiwa ni kwamba kibodi ya nje ikichomekwa kabla ya kuwasha, mashine ilijaribu kuwakia kwayo. Lilikuwa suala la mpangilio wa BIOS. Baada ya hapo za modeli ya kwanza na ya pili, 18 zote, ziliondoka kabla ya mnada wa kwanza. Mama katibu aliondoka na zake.

Modeli ya tatu, nne tu, zikabaki.

Ilikuwepo, ikapotea yenyewe

Zile nne ziliganda. Si zote kwa siku moja, si kwa kazi moja, bila mstari hata mmoja kwenye kumbukumbu za mfumo. Tukazifungua tatu, tukazitoa RAM, tukazibadilishana, tukazipitisha `memtest86+` usiku mbili. Hakuna kosa. Na kuanzia hapo hizo tatu hazikuganda tena. Siku tano, siku nane. Kijana akasema, "Kaka, zimepona. Tuzipeleke."

Nilikataa, na ilikuwa vigumu, kwa sababu mteja alikuwa anapiga simu na kwenye hizo tatu sikuwa na hitilafu ya kumwonyesha. Lakini kitu tulichokifanya kiliziponya, na hatukujua ni kipi kati ya tulivyovifanya. Ugonjwa usioujua ulivyoondoka hujui utarudi lini.

Jibu lilitoka kwenye ile ya nne, ambayo hatukuwahi kuifungua. Yenyewe iliendelea kuganda. Tukaichomoa RAM yake kwa uangalifu na kuiweka, bila kuigusa meno, kwenye mojawapo ya zile zilizopona. Iliyopona ikaganda mchana uleule. Chini ya lenzi tukaona ukungu mwembamba kwenye meno ya dhahabu, chumvi na unyevu wa pwani wa miaka kadhaa. Popote mashine hizi zilipotoka, zilikaa karibu na bahari. Tulipozitoa na kuzirudisha zile tatu, tulikuwa tumezikwangua bila kujua. Mfumo endeshi haukuwa na hatia, na `memtest86+` ilisema kweli, maana tuliiendesha baada ya kukwangua.

Tukazisafisha zote kwa spiriti safi, meno na matundu yake, tukaongeza hatua hiyo kwenye kazi ya kila mashine inayoingia, na tukawaomba Mikindani watuletee zile mbili nazo zikaguliwe. Kisha mizunguko 300 ya kulala, na siku tatu za stoo ya bati. Wiki ya pili ya Novemba zile nne zilipanda basi la asubuhi la Newala, kila moja ikiwa na karatasi ndani ya kifuniko: tarehe, namba ya kerneli mbili zilizomo, na kisichofanya kazi.